Nzi Chini ya Bakuli

Nzi alitua kwenye mwiko, akaupapasa kwa miguu ya mbele, akaruka. Akatua kwenye kifuniko cha sufuria, akaruka. Akatua kwenye kidevu cha Bibi Kissa, akakaa hapo.

"Huyu ananitafuta nini?" Bibi Kissa aliuliza bila kujisogeza. "Jana nimeoga."

"Anaonja, bibi," alisema Ikupa. "Tulia kidogo."

"Akamwonje mzee wangu kule juu kwake. Mimi utamu umeshaniisha."

Taa ndogo mgongoni mwa nzi ilibaki ya kijani. Kidevu cha Bibi Kissa hakikuwa na ngano. Nzi akaondoka kwenda kuonja mlango, na Ikupa akakuna kichwa, maana mlango ulikuwa umeshaonjwa, na kuta, na kigoda, na kamba ya kuanikia nguo. Ikupa alikuwa mnusaji wa Bodi ya Ngano kwa vijiji vya huku chini ya Mlima Rungwe. Nzi walikuwa wa Bodi pia. Waliundwa waonje kwa miguu, kama nzi wa kweli wanavyofanya, ila hawa hawakuzaa na hawakwenda chooni mpaka watumwe. Kila mmoja alikuwa na jicho la kupigia picha, na alichokiona na kukionja alikiweka akilini mpaka jioni, Ikupa alipomsoma.

Ndani ya nyumba, Tusekile, mkamwana wa Bibi Kissa, alikuwa anatapika. Alitapika kwa adabu, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua majirani.

"Leo ameanza mapema," alisema Bibi Kissa, na utani ukamtoka.

Ukungu mweusi ulipoyamaliza mahindi, nchi nzima ilihamia kwenye ngano ya Bodi, ile inayoota kwa umande tu. Ilipandwa mabondeni, ikapandwa milimani, ikapandwa mpaka makaburini, na marehemu hawakulalamika. Watu waliila. Kisha wakaona ni hasara kutupa kilichobaki: mabua yakawa mabati, pumba zikawa sabuni, na gluteni, yaani ule mnato unaofanya unga wa ngano uvutike, ikawa gundi ya kila kitu. Ilishika soli za kandambili. Ilishika vidonge visimeguke. Mtu aliweza kula ngano kwa kuuma kalamu.

Wengi haikuwadhuru. Wachache, kama Tusekile, miili yao iliamka kupigana nayo kila ilipoingia, hata ikiwa chembe, na kwa kuwa uwanja wa vita ulikuwa utumbo, utumbo ndio ulioharibika. Mtu anakula, chakula kinapita kama maji kwenye mfereji, na yeye anabaki mifupa. Tusekile aliolewa akiwa mnene wa kupendeza. Sasa pete ya ndoa alikuwa ameifunga uzi isidondoke.

Na Bodi ilikuwa na sheria fupi. Mgonjwa ambaye chanzo chake hakijulikani hupelekwa Kituo cha Bondeni, ambako hakuna ngano hata ya kugandishia kiatu, na hukaa hukohuko. Mume anaweza kwenda kumtazama kwa nyuma ya kioo. Watoto hawaendi. Watoto wana makombo ya mkate mifukoni.

Tusekile alikuwa na mabinti wawili wadogo. Gari la Bodi lilitarajiwa kupita kumchukua baada ya gulio la wiki.

*

Si kwamba Ikupa hakufanya kazi. Alikuta chungio lililochuja unga wa ngano kabla halijachuja wa ulezi, akalichoma moto. Alikuta mwiko wenye ufa, na ndani ya ufa mabaki ya uji wa zamani, akauchoma nao. Aliondoa sabuni, akaondoa mafuta ya midomo. Nzi wake aliwaka taa nyekundu kwenye mashavu ya Tusekile, na uchunguzi ukaonyesha ni busu la binti mdogo aliyetoka kula andazi kwa jirani. Tangu siku hiyo watoto walinawa uso kabla ya kumbusu mama yao, na yule mdogo akaona busu limekuwa kazi, akaacha.

Damu ya Tusekile ilipopimwa ilikuwa imesafika kidogo. Halafu ikachafuka tena, zaidi ya mwanzo.

"Ghalani unaingia?" Ikupa alikuwa amemuuliza, maana pale uani palikuwa na ghala, na ndani yake mashine ndogo ambayo Bibi Kissa aliitumia kuwasagia majirani ngano.

"Siingii, dada. Ghala ni la mama."

"Hata kidogo?"

"Nikatafute nini humo, na mimi naambiwa unga ni sumu?"

Alisema hivyo akimtazama Ikupa machoni, na hakuwa anadanganya.

Lakini Ikupa alipomsoma nzi jioni, alikuta matundu. Picha inakwenda vizuri: Tusekile anamenya ndizi, Tusekile anafua, kisha ghafla giza. Giza la duara, lenye mwanga mwembamba pembeni kama jua linapochungulia mlangoni. Baada ya muda picha inarudi, na Tusekile yuko palepale anamenya ndizi, ila anahema.

Ikupa alidhani nzi ni mbovu. Akaleta mwingine. Naye akapatwa na giza lilelile. Akaona basi, atakaa mwenyewe.

Alikuja asubuhi, akachukua kisu, akakaa na Tusekile uani wakamenya ndizi. Bibi Kissa alikuwa ametoka kusaga, nywele zake nyeupe zaidi ya kawaida, akaenda kunawa nyuma ya nyumba. Nzi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa beseni. Hapakuwa na jambo.

Kisha kutoka njia ya juu, nyuma ya migomba, kikasikika kikohozi.

"Mhu! Mhu-mhu!"

Tusekile, ambaye asubuhi ile alishindwa kunyanyua ndoo, aliruka kama swala. Kisu kikaenda huku, ndizi kule. Mkono mmoja ukachukua bakuli na kumfunika nzi, pwaa! Mkono mwingine ukamkamata Ikupa kwenye mkono wa gauni, na kabla Ikupa hajauliza, wote wawili walikuwa ndani ya ghala na mlango umefungwa.

"Nini?" Ikupa alinong'ona. "Nyoka?"

"Shh!"

Nje, sauti ya mzee iliuliza, "Mpo hapa?"

"Tupo," Bibi Kissa alijibu, akija na maji yanamdondoka mikononi. "Umekuja tena?"

"Nimepita tu. Mkamwana anaendeleaje?"

"Vilevile."

"Alikula?"

"Alikula, akarudisha."

Mzee akapiga ulimi. "Mwambie nimemuulizia. Mchana nitapita tena."

"Asubuhi hii hii ulishapita."

"Sasa nikae juu kule nifanye nini, na mtoto wa watu anakwisha hapa? Nitapita."

Ghalani, mstari wa jua ulipenya kwenye ufa wa ubao, na ndani ya mstari ule vumbi la unga lilikuwa linaelea, jeupe, lisilo na haraka. Mashine ilikuwa bado ina joto. Tusekile alikuwa ameegemea ukuta mdomo wazi, anavuta pumzi kwa nguvu kwa ajili ya kukimbia, na kila alipovuta, vumbi lilijikunja likaingia. Akameza mate. Akavuta tena.

Ikupa alikuwa na nzi wa akiba kwenye kibiriti. Alifungua. Nzi hakuhitaji hata kutua. Taa ilikuwa nyekundu angali hewani.

"Kwa nini unamfunika nzi?" aliuliza Ikupa.

"Ana jicho, dada. Si anapiga picha? Atanipiga mimi, atampiga na yeye, tukae kwenye picha moja, mimi na yeye! Uso wangu nitauweka wapi?"

"Na uliniambia huingii ghalani."

"Siingii." Tusekile alimshangaa. "Hapa nimekimbilia tu."

Desturi ya mkamwana kumkimbia baba mkwe ilikuwa imeshaanza kusahaulika huku. Mahindi yalipokufa ikafufuka, kwa sababu watu wenye njaa hupenda kukumbuka. Mkamwana hamtazami baba mkwe, hamtaji jina, hapiti mbele yake. Na baba mkwe mwenye heshima zake hukohoa akiwa bado mbali, ili mwenzake apate nafasi ya kujificha. Kwenye ua huu, mahali pekee penye mlango wa kufunga palikuwa ghalani.

Vumbi la ngano halihitaji kijiko. Linashika kooni, mtu anameza mate yake, limeshafika tumboni. Mzee alikuwa anakuja kuuliza hali ya mgonjwa. Kila alipouliza, mgonjwa alizidiwa. Na kila mgonjwa alipozidiwa, mzee, kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, alikuja mara nyingi zaidi.

*

Kisanduku cha Bodi kilikuwa na sauti ya mwanamke mpole.

"Chanzo?" kiliuliza.

"Ghala la unga," alisema Ikupa. Walikuwa jikoni, yeye, Bibi Kissa na Tusekile, na kisanduku katikati kwenye mkeka kama mgeni wa nne.

"Sababu ya mgonjwa kuingia ghalani?"

Ikupa akakizima mdomo kwa kidole.

"Kwa nini humjibu?" Bibi Kissa aliuliza. "Anauliza kwa upole."

Ikupa akawaeleza. Kama sababu ni mtu, basi chanzo ni mtu, na mtu ndiye anayeondolewa, anapelekwa Bondeni badala ya mgonjwa. Kanuni hiyo Bodi iliitunga kwa ajili ya waume wapishi wa mikate, walioapa kuacha kazi na hawakuacha. Haikumfikiria mzee mwenye kikohozi.

"Sema alikwenda kuchota unga," alisema Bibi Kissa mara moja.

"Nikisema hivyo, ghala litafungwa, Tusekile atapona, na mzee atabaki."

"Sasa unangoja nini?"

"Nzi wa mlima mzima wanafundishana, bibi. Ninachokijibu hapa, jioni nzi wa kila nyumba anakijua. Nikisema kuchota unga, watawakataza wakamwana kuchota unga. Kule ng'ambo ya mto nina mkamwana wa Mwakalobo, anatapika kama huyu. Kuna na yule wa kanisani. Wawili wameshapelekwa Bondeni, na sikujua kwa nini. Wote hawachoti unga. Wote wana baba wakwe."

Bibi Kissa alichukua jivu kidogo kwa kidole, akalisugua, akalipuliza.

"Hao wana mama wakwe wao," alisema. "Wafikiriwe na wenyewe." Kisha akaongeza, "Yule mzee hana ubaya, Ikupa. Ana kikohozi tu, na hata hicho ni cha kuigiza. Kifua chake kizima kama ngoma."

"Najua, bibi."

"Huko Bondeni nani atamkumbusha kuvaa soksi?"

Tusekile alikuwa ameinamisha kichwa. "Asitajwe," alisema. "Nitakwenda mimi."

"Na watoto?" aliuliza Ikupa.

Tusekile akageukia mlangoni. Nje, mabinti wake walikuwa wanagombania kandambili, na mkubwa alikuwa anashinda.

Ikupa akakibeba kisanduku kwapani, akapanda njia ya juu.

Mzee Mwaipyana, mume wa Bibi Kissa, alikuwa mbele ya nyumba yake, anachana mianzi ya kusukia kitenga. Alimkaribisha, akamsogezea kigoda, akauliza habari za kwao mpaka zikaisha. Ikupa akasema alichokuja kusema. Hakukipaka asali. Mzee aliendelea kuchana muda wote, na alipofika mwisho wa ufito aliutazama kama vile hajui nani kauchana.

"Kwa hiyo nilipokuwa napita kuuliza hali," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hata jana."

"Hata jana."

"Jana nilipita sana." Akaweka kisu chini. "Nikiacha kupita atapona?"

"Atapona."

"Na huyo wa Mwakalobo?"

"Ataendelea kukimbia."

"Mwakalobo anakohoa kuliko mimi," mzee alisema. "Yule akikohoa mpaka kuku wanajificha. Na ukimwendea kama ulivyonijia mimi?"

"Nimwendee yeye, na wa kanisani, na wa vijiji vyote vya mlima? Na kila mmoja atasema desturi yake haimhusu mnusaji. Lakini Bodi ikisema, na jina likawepo, watasikia."

Upepo ulitikisa migomba, na kutoka chini walisikia Bibi Kissa akimfokea mtu, pengine kuku.

"Mimi nilidhani," alisema mzee, "mtu akimheshimu mwenzake, heshima inakaa pale pale alipoiweka. Kumbe inatembea." Akanyoosha mkono. "Kiwashe hicho kisanduku. Sema jina langu. Sema lote, na la baba yangu, wasije wakadhani ni Mwaipyana mwingine. Tupo wengi."

Ikupa alikiwasha. Sauti ya upole ikauliza sababu, naye akaitoa nzima, pamoja na kikohozi na bakuli. Kisanduku kikasema: "Chanzo ni mtu. Ahsante kwa kazi nzuri."

Kufika jioni nzi wa kila nyumba walikuwa wameijua sababu, na Bodi imeitangaza pamoja na jina. Mlima wote ukawa hauna kikohozi. Hata wenye mafua ya kweli waliyameza.

*

Gari la Bodi lilikuja baada ya gulio kama ilivyotarajiwa, ila sasa lilikuja kumchukua mtu mwingine. Afisa aliyeshuka aliitwa Shaweji, kijana wa pwani aliyekuwa anatetemeka kwa baridi ya huku, mwenye adabu. Alimwamkia kila mtu mzima shikamoo, akafunga ghala kwa utepe mwekundu wa Bodi, akatoa kofia mbele ya Mzee Mwaipyana, ambaye alisimama uani na furushi lake. Bibi Kissa alikuwa amelifunga mwenyewe. Soksi ziliwekwa juu, zionekane.

"Limebaki jambo moja," alisema Shaweji. "Mgonjwa athibitishe kwa macho kwamba huyu ndiye. Msinielewe vibaya. Kuna mama mmoja huko nyuma alishaondoa waume wawili, na mmoja hakuwa hata wake."

Tusekile alikuwa ameganda nyuma ya mgomba, kitenge kichwani mpaka kifuani. Safari hii hapakuwa na pa kukimbilia.

Ikupa alimtazama Bibi Kissa, na Bibi Kissa alikuwa anatazama mawingu kama mtu anayefikiria nguo zake zilizoanikwa. Kisha akaenda kwa mkamwana wake, akamshika mkono, akamleta mbele.

"Mwanangu," alisema, "fungua uso. Ukiulizwa sema kweli, usiongeze hata tone."

Tusekile akashusha kitenge. Akainua macho.

Mzee naye hakujua ayapeleke wapi yake, akayaacha yalipokuwa. Wakatazamana. Hakuna aliyekohoa.

"Mama," alisema Shaweji, "huyu ndiye baba mkwe wako, unayemkimbia ghalani?"

"Simjui," alisema Tusekile.

"Humjui?"

"Sijawahi kumwona mtu huyu."

"Lakini mama, umeolewa hapa. Watoto wako wamezaliwa hapa."

"Ndiyo."

"Na baba wa mume wako hujawahi kumwona?"

"Sasa ningemwonaje," Tusekile aliuliza, machozi yanamtoka, "na nilikuwa namkimbia?"

Shaweji akafunua karatasi zake, akazigeuza, akazigeuza tena. "Unamtambua kwa kitu gani, basi?"

"Kwa kikohozi."

"Basi mzee akohoe kidogo."

Mzee Mwaipyana, mtu mkweli, alishavuta pumzi. Bibi Kissa akamkanyaga mguu.

"Afisa, baba yangu," alisema Bibi Kissa, "hiyo kanuni umeisoma wewe. Imesema masikio?"

Shaweji alimtazama yule bibi, akamtazama mzee anayesugua mguu, akalitazama na furushi lenye soksi. Hakuwa mjinga.

"Imesema macho," alisema. Akakisogelea kisanduku. "Mtu: hakuthibitishwa. Chanzo kibaki cha mahali. Ghala limefungwa. Mgonjwa abaki kwake."

"Na sababu?" Ikupa aliuliza haraka. "Sababu itafutwa?"

"Sababu imeshakwenda, dada. Mlima mzima unaijua, nitaifuta wapi?" Akavaa kofia, akakubali mkungu wa ndizi baada ya kukataa mara ya kwanza kama inavyotakiwa, na gari likashuka.

Waliobaki uani walikuwa hawana la kufanya. Mzee alisimama na furushi. Tusekile alisimama uso wazi. Kukimbia, ghala lina utepe; kujifunika, ameshaona. Hakuna aliyewahi kuwafundisha kinachofuata baada ya hapo.

"Umemwona?" Bibi Kissa alimuuliza mkamwana wake. "Sura hiyo ndiyo niliyoivumilia mimi."

Tusekile hakucheka, ila bega lake lilitikisika. Alikwenda akachukua kigoda, akakiweka katikati ya ua, akakigeuza kielekee migombani.

"Mama," alisema, "mwambie baba akae."

Mzee Mwaipyana akakaa, mgongo kwao, furushi magotini. Kisha akaiuliza migomba kama mkamwana wake ameshakula leo.

Migomba ilinyamaza. Nyuma ya mzee sauti ndogo ikajibu kwamba amekula ndizi mbili, na zimetulia.